Shavu la Kushoto

Salehe Kihiyo aliingia kibandani Jumatano
na boksi moja, chupa mbili,
jina moja, picha moja ya farasi.
Kaka yake kaleta kutoka Maskati.
"Hatibu, wewe ndiye kinyozi, nieleze.
Hii aftashevu na hii kolonya
si kitu kimoja?
Mbona hii bei nusu?"

Mimi, miaka kumi na tisa hapa Barabara ya Tatu,
nimepangusa videvu vya Ngamiani kwa shabu, kwa ndimu,
kwa spiriti iliyozimuliwa na maji ya bomba,
na jibu sikuwa nalo.
Nikamwambia, "Kaa."

Nikajinyoa mwenyewe, wembe mpya,
nikajikata kidogo chini ya taya.
Kushoto aftashevu: moto,
jicho moja likalia peke yake,
kisha baridi, kama mtu kafungua friji usoni.
Kulia kolonya, matone matatu.
Haikuuma. Ilikaa juu ya ngozi
kama mgeni rasmi kwenye kiti cha mbele,
viatu vyake havigusi vumbi.

"Mitaa itaamua," nikasema.
Tukafunga kibanda, tukakokota baiskeli.

Barabara ya Nne, zote hai:
limau juu, na chini yake mbao,
kabati la bibi likifunguliwa siku ya sikukuu.
Ya Tano, kushoto pameanza kunong'ona.
Ya Sita tukakutana na mkokoteni wa machungwa ya Muheza,
kijana anamenya, maganda yanaruka,
limau langu likajisalimisha bila vita.
Salehe akaniwekea pua shavuni mbele za watu.
Wauza mihogo wakaangua kicheko.
"Mnatafuta nini huko?"
Tukawaeleza. Bi Mwanashehe
akageuza kipande cha muhogo, hakututazama:
"Nazi moja hiyo. Tui la kwanza, tui la pili.
Wanaume mna kazi!"

Ya Saba, Salehe akaandika kiganjani kwa kalamu:
kushoto, marehemu.

Kulia ikaendelea.
Ya Tisa, kahawa na kashata, ipo.
Ya Kumi na Moja, moshi wa samaki, ipo.
Ila limau lilikwisha ondoka,
pakabaki utamu mzito, kama halua iliyosahauliwa juani.
Ya Kumi na Tatu fundi cherehani akaniuliza
harusi ni ya nani.
Ya Kumi na Nne nilikuwa nimeichoka.
Nilitaka kunusa mvua iliyokuwa inakuja
na kolonya ikanisemea, ikanisemea,
kama shemeji asiyejua kikao kimekwisha.

Nyumbani, ya Kumi na Saba,
Mwanakheri yuko jikoni, mikono ina vitunguu.
"Nuka hapa na hapa," nikamwambia,
"kisha sema kweli."
Akanishika kidevu kwa mgongo wa mkono,
akanigeuza kama anayekagua papai sokoni.
Kulia, mara moja tu:
"Huyu nani?"
Kushoto akakawia.
Nikamsubiri aseme hakuna kitu,
maana mitaa kumi nyuma tulishaizika.
"Hapa umejikata," akasema,
na pua yake haikuondoka upesi.

Juu ya jiko la mkaa mchuzi ulikuwa unachemka
kwa tui jepesi.
Lile zito lilikuwa pembeni, kwenye bakuli,
limefunikwa kwa sahani, linangoja mwisho.

Mlangoni Salehe alikuwa anaandika,
kiganja kimejaa, sasa yuko kwenye kifundo cha mkono:
kolonya mshindi, Kumi na Saba, bado inanguruma.
"Umeona?" akasema. "Hela ni hela."
Nikasema nimeona.
Nikamtoa faragha, karibu na baiskeli.
"Ile ya nusu bei," nikamwambia,
"niuzie mimi."