Bata wa Alhamisi

Chini ya duka la mazulia lililofungwa, Dundee,
ngazi kumi na tatu, ya nane imebonyea.
Morag mlangoni hana mashine ya kadi:
pauni nne, au tatu ukisema umeishiwa.
Anakugonga muhuri mkononi, bata wa buluu,
uliokuwa wa chekechea ya mwanawe.

Leo tumejihesabu: kumi na mmoja,
na wanne kati yetu ndio bendi inayofuata.
Ukuta unatoka jasho. Bia ni ya moto.
Eilidh anakaza uzi wa gitaa, unalegea tena.
"Huu ni mpya," anasema, "haujaiva,"
na kweli unaanza mbichi,

halafu fyuzi inakatika.

Giza. Kipaza sauti kimemfia mkononi.
Ila Struan kule nyuma hajui, au hajali,
anazidi kuzitwanga ngoma zake,
na Eilidh anaimba kwa koo tupu
hadi nasikia anavyovuta pumzi
kabla ya kila mstari.
Sijawahi kuwa karibu hivyo na wimbo wa mtu.
Kuna aliyenikanyaga. Sikuuliza nani.

Saa kumi na mbili asubuhi, wodi ya sita,
namgeuza Bi Ogilvie ubavu wa kulia.
Sabuni mara tatu, bata hajatoka.
Bibi anamtazama, anacheka kibogoyo:
"Na huyo, kaogelea wapi usiku kucha?"
Masikio yangu bado yanalia nziii.
Chini ya mazulia, namwambia.
Chini kabisa.