Chupa ya Dabaga

Sista Paskwalina alipohama alituachia chupa tupu,
shingo ndefu, tako limebonyea ndani kama kitovu.
Kwenye lebo, mji mweupe wa Hispania, bahari miguuni pake,
mizabibu imepanga mstari mlimani kama watoto wa shule,
na mwaka: 1958.

Baba aliigeuza, akainusa.
"Tumezaliwa pamoja," akasema,
"ila mwenzangu wamekwisha kumnywa."

Kwetu pombe haina mwaka, ina saa.
Asubuhi ni mtogwa, watoto wanalamba vidole;
jioni ni mkangafu, na Kihwele anadai shamba la watu.
Kesho kutwa ni siki. Hakuna anayeirithi.

Lakini kisu cha kugemea ni cha babu,
kimeliwa na tupa hadi kimebaki kama jani.
Na kile kichaka cha mianzi bondeni
kilipandwa na mtu ambaye jina lake
tunalitaja kwenye tambiko tu, tena nusu.
Mvua ikinyesha, baba anakata ncha palepale,
asubuhi, jioni,
nao mwanzi unalia tone, tone, ndani ya mbeta.

Masika haya niliijaza ile chupa ulanzi,
nikaiziba kwa gunzi, nikaificha nyuma ya debe la mahindi.
Nilitaka kuona kama nasi tunaweza kuwa na mwaka.

Usiku wa tatu gunzi liligonga bati.
Mama aliruka kitandani akidhani mwizi.
Baba alicheka gizani:
"Mwacheni. Huyo hajafunzwa kungoja."