Kioo Namba Kumi na Nne

Jumanne jioni alikuja Mwalimu Ndeonasia
na kioo kimefungwa gazetini kama kipande cha samaki.
Namba kumi na nne hii, akasema,
hizo kumi zenu zitawala macho.
Nifungieni kwenye kinyago. Kesho Zuhura anapita mbele ya jua.
Fundi Lwitiko akauliza:
Zuhura yupi, huyu mama lishe wetu?

Asubuhi, Keko, umeme hakuna.
Geti la mteja wa Mbezi limelala chali, nusu limeungwa.
Jua likachomoza nyuma ya winchi za bandari,
likazama winguni, tukaguna,
likatoka.

Mimi nilikuwa wa tatu kwenye foleni.
Miaka sita natazama moto kupitia kioo:
moto wetu hutema cheche, hugomba, hunuka.
Huu ulikuwa kimya.
Duara la kijani, bichi kama ndimu,
na pembeni, karibu kudondoka,
punje moja ya habasoda.

Nikadhani uchafu. Nikafuta kioo kwa pindo la shati.
Punje haikufutika.
Inasogea, akasema Mwalimu, ni dunia nzima hiyo,
inakaribia hii yetu kwa ukubwa.
Nikaitazama hii yetu:
ndala zangu, vumbi la chuma, kisahani cha chai.

Zuhura akaja na mwiko mkononi.
Alilitazama jina lake kuliko sote,
maharage yakianza kushika chini.
Akarudisha kinyago.
"Kadogo hivyo," akasema,
"na jua lote lile halijakala."

Saa mbili kasoro dakika kumi, kwisha.
Ndipo Sikudhani akatokea mbio, begi mgongoni,
kavaa soksi moja.
Linarudi lini?
Mwalimu aliinama kumfunga kamba za kiatu,
akazifunga, akazifungua, akazifunga tena.
Miaka mia na mitano, mwanangu.

Umeme ulirudi saa nne.
Nikashusha kinyago, gizani nikagusisha waya,
na kila cheche niliyowasha
ilikuwa na kitu kinapita mbele yake.

Saga nundu zote, fundi aliagiza.
Nilizisaga. Nikabakiza moja,
chini ya bawaba ya kushoto, nyeusi, punje tu.
Mteja alipitisha kiganja kwenye chuma chote,
akaomba apunguziwe elfu kumi.
Pale hakufika.