Kikoa

Mwalimu Shaame kaandika ubaoni
kwa kipande cha chaki kama jino la mtoto:
Mkebe una sarafu thelathini,
za mia na za mia mbili.
Za mia mbili ziite eksi.
Tafuta thamani. Taja kikoa.

Thamani niliipata kabla ya kengele:
mia mara eksi, jumlisha elfu tatu.
Akachora mstari, ukapanda,
ukatoka ubaoni, ukaparaza ukuta;
ungeachiwa ungefika bandarini Wete.
Kikoa, akasema, mkamalizie kwenu.

Kwetu Limbani mama anabandika mofa.
Mofa mia mbili, bajia mia.
"Mama, kikoa nini?"
"Weye hujui kikoa! Leo kwa Bi Raya,
kesho kwa Mkasi, Ijumaa kwangu.
Asiyetia, hali."
"Si hicho. Cha hesabu.
Eksi inaruhusiwa kuwa ngapi."

Akafuta unga kwa kanga, akanishushia mkebe.
Tukamwaga mkekani, tukahesabu.
Ishirini na tisa.
Akafungua pindo,
zikatimia.

"Nusu sarafu umeiona?"
Sijaiona.
"Robo?"
Nikaufikiria ule mstari wa mwalimu,
ulivyoteleza bila kukanyaga,
na fedha yetu inavyoingia: ti,
kimya kirefu,
ti.

"Thelathini na moja je?"
"Hiyo moja utaitoa wapi?"
"Na chini ya sufuri?"
Hakujibu upesi.
Akatazama nyuma ya mlango, kwenye vijiti vya mkaa:
Kombo vitatu, mke wa Makame saba,
na kimoja cha marehemu, hakifutiki.
"Hivyo havikai mkebeni," akasema.
"Deni lina ukuta wake."

"Na sufuri yenyewe?"
"Imo! Siku ile ya mvua
mofa zililala zote, bajia tu zikatoka.
Mkebe mzima mia tupu, mia mbili hata ya dawa.
Kwani haukuwa mkebe?"

Usiku nikachora kwa kalamu ya risasi
nukta, na nukta, na nukta,
kama sisimizi wapandao ukuta
bila kushikana mikono.
Sikuziunga.

Mama akainama na kibatari, akahesabu kwa kidole,
maana hesabu za watu haziamini.
"Sarafu thelathini. Mbona hapa thelathini na moja?"
"Hii ya mwanzo ni sufuri, mama.
Haikutia kitu."

Akaitazama, pale chini, peke yake.
"Basi iwekee sahani," akasema,
akaenda kufunika moto.