Somo

Mimi ndiye niliyeshika chaki siku ile Masindi.
Ubao wa darasa la tano tuliuegemeza kwenye baiskeli,
uwanja umefyekwa jana, bado unanukia majani mabichi,
besi ya pili ni gunia la mahindi lililojazwa mchanga.
Mwamuzi akaniambia, Abwoli, andika timu.
Nikaandika: NYUKI.
Chini yake nikaandika: NYUKI.
Nikarudi nyuma hatua mbili, nikacheka peke yangu.

Nyuki wa Lira walilipata jina kwa kuumwa.
Mazoezi ya kwanza, Ojok aliupaisha mpira
ukapasua dari la kanisa,
na waliokuwa wakiishi humo wakatoka kuuliza.
Wiki nzima timu ilitembea na nyuso za maandazi.
Jina hili, walisema, sisi tumelilipia.

Nyuki wa Kasese walilinunua.
Mwalimu Baluku alifungua robota la mitumba,
akakuta fulana kumi na moja za timu ya ng'ambo,
ya mji asioujua hata kuutamka,
kifuani mdudu wa manjano mwenye mistari.
Nyigu huyo, akasema muuzaji.
Nyuki, akasema Baluku. Nyigu hana asali,
na mimi siwafundishi watoto wa watu kuuma bure.

Kwa hiyo wako Nyuki wa tatu, pengine wa nne,
mahali ambapo saa hizi ni usiku,
wamelala chali, hawajui
kwamba wana somo wao huku Bunyoro.

Walibishana mpaka jua likapanda.
Kwa Kiswahili, maana Kilango na Kikonzo
havijawahi hata kusalimiana njiani;
Kiswahili cha kambini, cha baba zao,
kilichozoea kuamuru kuliko kubembeleza.
Nyinyi badilisha!
Badilisha nyinyi!
Wakakubaliana kurusha sarafu.
Sarafu ikapotelea majanini,
wakaanza kugombana ilikuwa ya nani.

Hapo nikaweka chaki chini.
Jamani, nikasema, mko kwa Wanyoro.
Sisi majina ya kupendana ni kama dazeni moja,
na tunagawana watu wote, wakubwa kwa wadogo.
Ita Abwoli pale sokoni:
atageuka muuza mukene,
atageuka polisi wa barabarani,
atageuka yule mama anayenidai.
Shangazi yangu alikuwa Abwoli mpaka siku tulipomzika,
na jioni ile ile nikaitwa, nikaitika.
Jina si gongo,
akilishika mmoja mwingine akae benchi.

Sijui kama walinielewa. Njaa nayo ilisaidia.
Wakacheza.

Thembo wa Kasese alirusha kama mtu aliyekumbuka deni.
Umati ukipaza Nyuki! Nyuki! pande zote mbili zinavimba kichwa;
Ojok aliiba besi ya tatu
kwa makofi ya mashabiki waliosafiri kumzomea.
Zamu ya saba mvua ikashuka kutoka Budongo,
fulana zote zikawa rangi moja, ya tope,
mdakaji akampongeza adui, akaomba radhi, akampongeza tena.
Mimi nilivua leso yangu nikaufunika ubao,
nikalowa kichwa kwa ajili ya nambari.

Jioni redio ikatangaza, kavu kabisa:
Nyuki wamewashinda Nyuki, sita kwa tano.
Lira wakafungua kreti.
Kasese wakatoa ngoma.
Hakuna aliyedanganywa,
na mimi sikupiga simu kusahihisha.

Jumatatu ubao ukarudi darasa la tano kama ulivyokuwa.
Mwalimu wa hesabu aliukuta, akautazama,
akaona ni dhambi kufuta kazi iliyokwisha kuandikwa.
Akachora mstari chini ya majina.
Toeni, akawaambia watoto.

Nyuki mmoja,
akajibu wa dirishani,
bila kuhesabu vidole.