Kulificha Ziwa

Manispaa ilitaka njia iliyonyooka:
toka maegesho hadi majini, mita mia nane,
kisha ukuta wa zege wa kuegemea,
watu wapige picha, warudi wale.
Eduvigis Catrilef aliikunja ramani yao mara nne
akaikalia, maana jiwe lilikuwa limelowa.

Mimi nilibeba utepe mwekundu na kipimo cha mteremko.
Mvua ya kusini mwa Chile hainyeshi, inahamia:
iliingia butini Jumatatu, ikakaa nasi hadi mwezi ukaandama.
Yeye mbele, akisimama kila hatua ya thelathini,
akichuchumaa hadi macho yawe kimo cha mtoto wa miaka sita.
"Hapa mtoto anaona nini?"
"Matako ya baba yake," nikasema.
Hakucheka. Akahamisha utepe dhiraa mbili kushoto,
na palipokuwa na matako
pakatokea uyoga wa rangi ya machungwa
uking'ang'ania tawi lililoanguka.

"Ziwa wasipewe mapema.
Walisikie kwanza. Kisha lipotee.
Wapite kwenye giza la mianzi, wapande kidogo, wachoke kidogo,
mmoja wao aseme tumepotea.
Mgeni halishwi mlangoni."

Siku ya tisa tukafika kwenye koigwe,
mti mmoja, mnene, umejipachika kati yetu na maji.
Nikasema: huu ukianguka, tunapata ziwa zima,
na volkano juu yake, bure.
Akanipa kisu. Cha mkate.
"Kaa ule."

Dakika kumi, ukungu. Ishirini, ukungu na jibini.
Kisha upepo ukasukuma tawi,
na kipande cha maji kisichozidi mlango
kikang'aa,
kikafungwa.
Nikajikuta nimesimama, tonge shavuni,
nikingoja kifunguke tena.
Sikuambiwa simama. Hapakuwa na ubao.

Visiki ndivyo nilivyotaka tuvikwepe.
Mteremko mzima, vya alerse, vyeusi kwa moto wa zamani,
kimoja kipana hata watu wanane wakikizunguka kwa kahawa
hawagusani magoti.
Hapo ndipo alipopitisha utepe, katikati,
bila kona, bila kichaka cha kuficha.
Baba yake aliswaga maksai humu;
magogo yaliburutwa juu ya njia hii hii
tunayodai tumeibuni.
"Watu hawatapapenda," nikasema.
"Sikuwaahidi dirisha la duka la nguo."
Akapapasa kisiki kwa kiganja
kama anayetafuta homa,
akaomba utepe zaidi.

Barua ya manispaa ilikuja Agosti, ina mihuri miwili:
tumehesabu kona thelathini na moja,
tafadhali onyesheni kwenye mchoro
mandhari yako wapi.
Alijibu kwa penseli, nyuma ya barua ileile,
ili asipoteze karatasi:
Njooni na viatu.