Chumvi Haisemi

Stima zimepotea Umoja tangu saa moja,
na Mghoi anauliza kwa nini kiberiti cha gesi
kinatoa cheche bila njiti.

Mimi ni fundi wa saa, Luthuli, ghorofa ya pili,
meza ya kukodi, upana wa viwiko vyangu.
Kabla ya hapo, mihula minne ya fizikia pale Chiromo,
kisha karo ikakatika kama kamba ya ndoo.
Nilitoka na madaftari mawili na kipande cha kalsiti
ambacho mpaka leo sijui kama nilipewa au niliiba.

Nakitoa kwenye mkebe wa vipuri,
nakilaza juu ya notisi ya Mutinda, msimamizi wa ploti,
aliyoisukuma jana chini ya mlango:
Kodi, miezi miwili.
Chini ya jiwe maneno yanapasuka,
kodi kodi, miwili miwili.
"Baba! Sasa ni minne!"

Nalizungusha jiwe. Andiko moja limetulia,
la pili linalizunguka
kama mtoto anayemzunguka mamake kwenye foleni ya benki.
Nuru ikiingia humu, namwambia, hugawana njia:
nusu inatikisika hivi, nusu inatikisika vile,
na mkono wangu unakata giza mara mbili.
Kisha nabandua utando mweusi
kwenye uso wa saa iliyokufa,
namwambia atazame kupitia hapo, auzungushe polepole.
Deni moja linafifia, linakufa.
Robo duara tena: hilo limefufuka,
lenzake limekufa.

Mghoi anatafuta pembe ya kuyaua yote mawili.
Anaitafuta dakika nzima, ulimi nje.
Haipo, mwanangu.
Hata Mutinda anajua haipo.

Anarudi kwenye kiberiti. Ta. Ta.
Mna kijiwe humo, hakizidi punje ya mchele;
nyundo ndogo inakigonga,
nacho kikibanwa kinatema umeme.
Basi anachukua koleo langu
na chembe ya chumvi, ile ya mawe, ya Gongoni,
anabana. Unga.
Anabana nyingine. Unga.
"Hii imekataa."

Haijakataa. Imepangwa sawasawa mno:
sodiamu, klorini, sodiamu, klorini,
kila mmoja na pacha wake ng'ambo, umbali uleule.
Ukiisukuma, huku wanavuta, kule wanavuta,
mambo yanaishia sare.
Chumvi haisemi.
Inayosema ni fuwele iliyokosa kitovu,
iliyokaa upogo tangu kuumbwa:
ukiibana, chanya zinasogea huku,
hasi zinabaki kule,
na pengo hilo, dogo kuliko neno dogo,
ndilo cheche.

Ananitazama mguu wa kushoto, ule mfupi.
Hasemi kitu. Nami sisemi.
Sikufundishwa fizikia ya miguu.

Kinyume chake ni kweli pia, namwambia:
ipe umeme, itajikunja.
Hapo ndipo ugali wetu unapotoka.
Ndani ya saa ya betri mna uma wa fuwele,
mwembamba kama ukucha wa paka,
unatetemeka mara elfu thelathini na mbili,
mia saba sitini na nane, kwa sekunde.
"Nani anahesabu?"
Hakuna anayehesabu. Wanagawa kwa mbili.
Wanagawa tena. Mara kumi na tano.
Mwisho inabaki moja, na mshale unaruka.

Haniamini. Anaigeuza notisi ya Mutinda,
anachonga penseli kwa kisu cha jikoni,
na kwa mwanga wa mshumaa anaanza kugawa:
kumi na sita elfu na ushei, nane elfu na ushei,
anakosea, anafuta kwa mate, anaanza upya.

Saa nne u nusu anafika kwenye moja.
Anaizungushia duara.

Wakati huo, Mama Lucy, wodi ya usiku,
Wakesho amemshika mtu asiyemjua kifundo cha mkono,
macho kwenye saa niliyoitengeneza mara tatu,
midomo ikisogea bila sauti,
anahesabu.